Unga wa Njano kwa Kasuku wa Baba Mkwe

Ndege yule nilimchukia kabla sijamwona, na hata kumwona kwenyewe nilikatazwa. Nilikatazwa siku ileile niliyofika Mbeya nikiwa mke wa mtu, nimetoka kwetu Ilula na sanduku la bati na godoro la sufi, vumbi la njia nzima limenijaa kichwani. Mama mkwe alinipokea kwenye mlango wa nyuma. Mlango wa mbele, akasema, siyo wa kwangu.

Kwa asiyewajua Wanyakyusa wa zamani nieleze kidogo. Mke wa mtoto hamwangalii baba mkwe. Hapiti mahali alipo, haongei akasikika naye, hatamki jina lake. Akimwona kwa mbali anajifunika kanga kichwani na kuingia migombani mpaka mzee apite. Na hao baba wakwe si mmoja, maana kaka na wadogo zake wote wanahesabiwa humohumo. Mzee naye akisikia sauti ya mkamwana anainuka na kuondoka, kwa sababu mwiko huo unafunga pande zote mbili. Sisi Wahehe tunawaheshimu wakwe pia, lakini hatukimbizani. Nilikubali. Mwanamke anapoolewa anakubali mengi ambayo angeambiwa mapema angebaki kwao.

Jambo ambalo sikuambiwa ni kasuku. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba ya Kopabeliti, akarudi na gramafoni isiyoimba, koti refu la sufu, na kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Hayo ya rangi nilielezwa. Kasuku huyo alikaa barazani kwenye tundu la waya, na alikuwa akiongea kwa sauti ya baba mkwe kabisa, pamoja na kikohozi chake. "Ugonile! Ugonile!" aliwasalimia wapita njia, na wageni wa mtaa waliitikia kwa adabu zote wakidhani mzee yumo ndani.

Basi mzee akatoa hukumu, nikaletewa na mama mkwe jikoni.

"Baba yako anasema, anayeongea kwa sauti yake ni yeye. Kwa hiyo ndege usimwangalie. Ukipita karibu, jifunike."

Nilicheka, nikidhani ni utani wa kumkaribisha mgeni. Mama mkwe hakucheka. Hapo nikajua nimeolewa kwenye nyumba yenye baba wakwe wawili, mmoja ana manyoya.

Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mbao, anapakia Mafinga na kushusha Mbeya, mara nyingine anapitiliza mbali zaidi. Nyumbani alikuwa kama mgeni wa Jumapili. Nilipomlalamikia habari za kasuku alisema, "Vumilia." Neno hilo sijawahi kulisikia likitoka kwa mtu anayevumilia yeye mwenyewe.

Sasa niseme habari za chakula, maana ndiko balaa lilikotokea. Mzee alikuwa amemwona bosi wake wa kizungu kule mgodini akimlisha kasuku mkate kwenye sahani, na tangu hapo aliamini kuna chakula cha ndege wa heshima. Mkate mweupe, siagi ya kopo, chai ya maziwa yenye sukari nyingi, na ugali wa sembe uliokobolewa mpaka ukang'aa. Dona aliiita chakula cha jela. Mchicha na majani yoyote hakutaka hata yakaribie tundu. "Huyu siyo mbuzi," alisema, nikimsikia kutoka jikoni, maana sikio halikukatazwa. Karanga zilitolewa Jumapili, zikiwa zimekaangwa na chumvi. Ndege yule alikula kuliko watu wengi wa mtaa ule, na mzee alipenda watu wamwone akila.

Katikati ya miaka ile ya sabini mvua zilikataa karibu nchi nzima. Mbeya na Iringa tulizoea kuwalisha wengine, lakini mwaka ule hata sisi tulipanga foleni. Madukani kukaja unga wa mahindi ya njano, wa msaada. Watu waliutukana sana. Walisema unanuka gunia, walisema kwao ulikotoka wanalishia ng'ombe, na wanaume walinong'onezana kwamba unamaliza nguvu. Mama mkwe alikuwa ameficha sembe nyeupe kidogo kwenye debe, na debe hilo lilikuwa na utaratibu wake. Kwanza mzee, kisha kasuku, kisha mume wangu akiwepo, kisha mama mwenyewe. Mimi na binti yangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, tulipikiwa wa njano.

Naomba nieleweke. Kasuku alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya unga, mimi niliyekuwa nanyonyesha. Nimezeeka sasa na jambo hilo bado linanipandisha hasira.

Tukala wa njano, basi. Nilichuma mchicha na majani ya maboga yaliyojiotea nyuma ya choo, nikapika, nikamkandia mtoto kwenye ugali. Na mtoto akashiba. Ngozi ikang'aa, mashavu yakajaa, macho maangavu. Barazani nako nilianza kufagia manyoya. Nilifagia asubuhi mzee akiwa bado kitandani, nimelipa tundu mgongo, na kwanza yalikuwa machache ya kijivu, halafu mengi, halafu yakaja mekundu ya mkia. Nilimsikia ndege akipiga chafya kama mtoto mwenye mafua. Salamu zikapungua. Mwisho akanyamaza kabisa, hata kile kikohozi hakikusikika.

Mama mkwe alikuwa anatoka barazani akishika kichwa. "Manyoya inaisha," aliniambia. "Kifua kiko wazi kama kuku wa kunyonyolewa. Na mdomo unatoka magamba."

"Pole yake," nilisema. Sikuwa na pole yoyote.

Lakini mzee alikuwa anapiga hesabu zake. Ndege ameanza kuisha baada ya mkamwana kuja. Ndege anaisha, mtoto wa mkamwana ananenepa. Kwa hiyo afya ya ndege imehamishwa. Alimwambia mama mkwe hivyo waziwazi, tena kwa sauti, akijua nipo jikoni: "Huyo Mhehe amemnyonya ndege wangu amempa mtoto wake. Akifa, anarudi kwao Ilula. Mtoto anabaki, ni wa ukoo."

Nilikuwa nimeshika mwiko wa kusongea. Niliuweka chini, nikamfunga mtoto mgongoni.

Utani wa kwamba Wahehe tunakula mbwa nilishauzoea. Kila mgeni aliyefika pale alidhani yeye ndiye wa kwanza kuusema. Hili halikuwa utani. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshatolewa, na baba yangu alikuwa ameshawatumia kumwozea kaka yangu mke. Hakuna mzee yeyote, kwao wala kwetu, ambaye angesimama kusema mtoto anifuate. Ningerudi Ilula kukaa barabarani na tenga la nyanya, na binti yangu angekua akiambiwa mama yake alikuwa mlozi wa kasuku. Na utetezi sikuwa nao, kwa sababu wa kumweleza alikuwa mtu ambaye siruhusiwi kuongea akanisikia.

Siku moja bwana mifugo alipita mtaani kumwangalia ng'ombe wa maziwa wa jirani, mzee akamvuta barazani. Mimi nilisogea ukutani, upande wa ndani.

"Mzee, huyu hana ugonjwa wa kuambukiza," nilimsikia bwana mifugo akisema baada ya muda. "Huyu ana njaa."

"Njaa? Anakula mkate na siagi!"

"Ndiyo njaa yenyewe. Tumbo limejaa, mwili hauna kitu. Amekosa vitamini, hasa ile inayotunza macho na ngozi na pua. Mpe mchicha. Mpe karoti, boga, papai. Hata mahindi haya ya njano ni mazuri kuliko meupe, hiyo rangi mnayoitukana ndimo vitamini ilimo."

Nikasikia kiti cha mzee kikilia.

"Wewe unataka ndege wangu ale chakula ya msaada?"

Bwana mifugo alikuwa kijana wa watu, alikuja kuangalia ng'ombe, hakutaka ugomvi. Akatoa kwenye mkoba wake kopo dogo la unga wa vitamini wanaopewa vifaranga. Akaeleza vizuri, sikuacha hata neno. Bana kidogo kwa vidole viwili. Tia kwenye maji baridi, siyo ya moto, moto unaiharibu. Maji yabadilishwe kila asubuhi. Isizidi, maana vitamini ikizidi nayo ni sumu. Na kopo peke yake halitoshi bila majani.

Katika maneno yote hayo mzee alisikia kopo. Mtu yule aliamini kwamba kitu cha kopo kinashinda kitu cha shambani, na kwamba dawa kidogo ni ya maskini. Alichota kwa kijiko cha chakula, akatia kwenye chai ya moto yenye sukari, akamwekea ndege. Asubuhi tena, jioni tena. Ndege akaharisha rangi ya machungwa barazani kote, na kwa kuwa kikombe cha chai ndicho alichokuwa nacho, akakataa kunywa. Mzee akasema dawa imefungwa na mtu. Hakuhitaji kumtaja.

Akatuma ujumbe Tukuyu, kaka zake waje. Ndege atapelekwa mbele yao, na kama hatawasalimia kama alivyokuwa akiwasalimia miaka yote, basi sauti yake imeliwa na kesi imekwisha. Nilipoletewa habari hiyo nilikaa na mtoto mapajani mpaka ugali ukaungua.

Kilichoniokoa ni harufu. Baraza lilinuka, na wageni wa heshima walikuwa njiani, kwa hiyo mzee akaagiza tundu lihamishiwe nyuma, karibu na ukuta wa jikoni kunakopiga jua, mpaka siku ya kikao. Mama mkwe akalibeba. Lile kopo la vitamini akaliacha kwenye dirisha la jikoni kwangu, na kikombe cha chai akakimwaga. Hadi leo sijui kama alisahau au alikusudia, na sitampa sifa nisiyo na uhakika nayo.

Nikaanza kumlisha adui yangu. Nilijifunika kanga, nikatoka jikoni kinyumenyume mpaka mgongo ukagusa waya, nikapitisha mkono nyuma. Maji safi ya baridi na ule unga wa kubana kwa vidole viwili. Tonge la ugali wa njano. Mchicha mbichi, kipande cha boga. Kwanza alivitupa chini. Amezoea mkate, bwana mkubwa. Nikaviokota nikavirudisha. Kisha akaanza kuning'ata vidole badala ya chakula, na mdomo ule, hata ukiwa na magamba, ulikuwa koleo. Nilimtukana kila tusi ninalolijua, kwa sauti ya chini, kwa Kihehe na kwa Kiswahili. Lakini sentensi moja ndiyo iliyokuwa ikinitoka kila mara, kila tonge, bila hata kufikiri:

"Kula, shetani we! Ukifa, mwanangu wananinyang'anya!"

Akala. Nadhani alikula kwa kuchoka kunisikia. Alianza na boga, akalipenda, akaanza kuligombania. Mzee alishinda kwenye kilabu cha pombe, hakuja nyuma. Kule kulikuwa kwa wanawake, kuku na majivu. Nikawa sifagii tena manyoya mengi. Mama mkwe akapita na ndoo siku moja akasimama. "Yanaota," alisema. "Kama vijiti vidogo." Chafya zikakoma. Sauti tu ndiyo haikurudi. Nilimsikia akikwaruza, akipiga mluzi, akigonga waya, lakini salamu haikutoka, na mimi sikuweza kumfundisha kusema "Ugonile" kwa sauti ya mwanaume mzee anayekohoa.

Wazee walifika na basi la asubuhi, wamevaa makoti, kwa sababu baridi ya Mbeya haina adabu kwa mgeni. Wakakaa barazani. Tundu likarudishwa mbele. Mume wangu alikuwepo, ametoka Mafinga usiku uliopita, akakaa pembeni kabisa akiangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa ukumbini nyuma ya mlango uliofungwa nusu, mtoto mgongoni, nimefunga kanga kana kwamba tayari nasafiri.

Mzee alieleza kesi yake vizuri. Alikuwa msemaji. Alisema jinsi ndege alivyokuwa, jinsi mkamwana alivyokuja, jinsi mtoto alivyonenepa katika mwaka wa njaa. Mmoja wa kaka zake akasema mbona ndege ana manyoya mazuri tu. Mzee akajibu kwamba manyoya ni nguo, mtu ni sauti. Akasogea kwenye tundu.

"Ugonile," akamwambia ndege. Kimya. "Ugonile!"

Nilishika miguu ya mwanangu miwili, ile iliyotokeza kwenye mbeleko, nikaishika kwa nguvu mpaka akalia kidogo. Nadhani kilio hicho, alichozoea kukisikia nikimlisha, ndicho kilichomkumbusha. Kwa sababu ndege alijikung'uta, nikasikia waya ukilia, na sauti yangu ikatoka barazani. Sauti yangu mimi, na hasira yangu yote, na lafudhi yangu ya Iringa:

"Kula, shetani we! Ukifa, mwanangu wananinyang'anya!"

Viti vilianguka. Wale wote walikuwa baba wakwe zangu, na mwili uliolelewa kwenye mwiko haungoji kufikiri. Waliinuka pamoja, makoti yamevutwa kichwani, wakashuka ngazi wakikanyagana, mmoja akaacha fimbo, mwingine akaingia kwenye mahindi ya jirani. Baba mkwe alikuwa wa kwanza kufika uani. Ndege aliwafuata kwa maneno yaleyale, mara nyingi, kwa furaha ya mtu aliyepona. Barazani alibaki mume wangu peke yake, naye kwa mara ya kwanza aliinua macho kutoka kwenye viatu.

Kaka mkubwa wa mzee aliongea akiwa nje ya uzio, amegeukia barabarani.

"Mdogo wangu, wewe ulisema anayeongea kwa sauti ya mtu ni mtu huyo. Huyo aliyeko barazani ni nani?"

Baba mkwe alizidi kuvuta koti kichwani.

"Ni mkamwana wetu," kaka akajijibu. "Na sisi hatuwezi kukaa kikao na mkamwana. Tena amesema la kwake, tumelisikia. Mtoto asinyang'anywe. Haya, tutafutieni uji mahali pengine."

Hivyo ndivyo nilivyopata ruhusa ya kuongea mbele ya wakwe zangu. Wanasema ni hekima ya wazee. Hekima yao sikuiona. Niliona makoti yakikimbia.

Mzee hakurudi barazani. Ndege aliwekwa pale na yeye mwenyewe, na kwa hukumu yake mwenyewe hakuweza kulishika tundu wala kulisogelea. Akamwomba mama mkwe aliondoe. Mama mkwe alisema mgongo unamuuma. Kwa hiyo baba mkwe akaanza kupita mlango wa nyuma, kwenye majivu na kuku, akikohoa mapema ili nijue anakuja na nimpishe. Na unga wa njano akaula, kwa kuwa sembe ya debe ilikuwa imekwisha.

Siku ile walipoondoka nilifungua mlango wa mbele nikatoka. Nilimwangalia ndege kwa mara ya kwanza. Hakuwa mzuri kiasi hicho. Alikuwa na jicho la njano la kiburi na kifua chenye mabaka, na nilipompa kipande cha boga aliking'ata kidole changu mpaka damu ikatoka. Nikamtukana kwa sauti kubwa. Kisha nikakaa kwenye kiti cha baba mkwe, nikafungua mbeleko, nikamshusha mwanangu chini.

Alijifunza kutembea pale, akishikilia miguu ya kiti hicho.